Kuku Wachache wa Nyumbani, na Kinga ya Ujirani

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kuku. Labda mtu atacheka na kusema, "Kuku naye ni habari? Nani asiyejua kufuga kuku?" Nasi twajibu ya kuwa wanaoweka kuku ni wengi, walakini wanaofuga ni wachache. Kuweka ni kuwafungulia asubuhi na kuwafungia jioni, mengine wakayatafute wenyewe. Kufuga ni kuwajua, kuwahesabu, kuwalisha, kuwakinga na maradhi, na kujua wametuletea nini katika mwaka mzima. Sisi wenyewe tuliweka kuku miaka mingi kabla hatujaanza kufuga. Somo hilo tulilipata kwa hasara, tena hasara yenyewe haikutupata sisi peke yetu. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Sisi twakaa Olasiti, upande wa magharibi wa mji wa Arusha. Zamani huku kulikuwa mashamba ya mahindi na maharage, na malisho ya ng'ombe. Kutoka nyumba hata nyumba palikuwa na mwendo. Siku hizi mji umetufikia. Viwanja vimekatwa vidogo, nyumba zimekaribiana, na ng'ombe hana mahali pa kusimama. Wazee wetu, Waarusha na Wamasai, walihesabu mali kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuku hakuwa mali, na wengine hawakumla kabisa. Lakini mtu mwenye kiwanja kidogo, chenye nyumba, migomba michache na matuta ya mchicha, atafuga nini ila kuku? Hahitaji malisho mapana, mtoto aweza kumtunza, mayai yake ni chakula bora cha watoto na wagonjwa, na samadi yake yarudi bustanini. Basi yafaa tumheshimu kidogo kuliko tulivyozoea.

Sasa tutawasimulia lililotupata. Mwaka wa 2013 tulikuwa na kuku 26, wakubwa kwa wadogo. Hatukuwa na banda. Wengine walilala jikoni, wengine mtini. Mwezi wa Septemba, wakati wa upepo na vumbi la kiangazi, mama wa nyumba yetu alituita asubuhi na mapema akasema, "Baba, jogoo hakuwika leo." Tukatoka, tukamwona jogoo amesimama karibu na ukuta, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Jioni mitetea wawili walikuwa vivyo hivyo.

Basi tukafanya kama watu wengi wafanyavyo. Tulisema, "Tuwatumie kabla hawajafa." Wanne tuliwachinja. Watano ambao hawakuwa na dalili tuliwapeleka sokoni Mbauda. Na mmoja, mtetea mweupe mzuri, tulimpeleka Ngaramtoni kwa shemeji yetu aliyekuwa amejifungua, maana ni desturi njema kumpelekea mzazi kuku wa mchuzi. Shemeji alimpenda sana, akasema hatamchinja bali atamwacha atage. Siku ya nne mtetea akasinzia, siku ya sita akafa. Baada ya majuma mawili ua wa shemeji ulikuwa kimya. Na jirani yake, mama mjane, alikuwa na kuku 12 ambao alikwisha kuwahesabia sare na madaftari ya mtoto wake kwa mwezi wa Januari. Alibaki na kifaranga mmoja.

Shemeji hakutugombeza. Alipokuja kututazama alisema neno moja tu: "Shemeji, yule kuku wako hakuja peke yake." Tukanyamaza, maana hatukuwa na jibu. Sisi tulibakiwa na kuku wawili. Lakini hao wetu waliokufa hawakutuumiza moyo kama wale wa mjane, ambaye hakutuomba kitu wala hakutujua. Na wale watano wa sokoni, hata leo hatujui waliingia katika ua wa nani.

Maradhi hayo ndiyo mdondo. Mahali pengine huitwa kideri. Katika vitabu vya waganga wa mifugo huitwa maradhi ya Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ambako yalitambuliwa mwaka wa 1926. Mwaka ule ule yalionekana katika kisiwa cha Java, na mwaka wa 1935 yalitambuliwa Mombasa. Huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Kuku aliyeshikwa husinzia, huharisha maji ya kijani, huhema kwa shida mdomo wazi. Pengine shingo hupinda na miguu au mabawa hupooza. Katika kundi lisilo na kinga huweza kufa karibu wote.

Yatupasa kufahamu jinsi maradhi haya yanavyosafiri. Hutoka kwa kuku hata kuku kwa makamasi na kinyesi. Husafiri pia katika tenga la kubebea kuku, katika manyoya na matumbo yaliyotupwa baada ya kuchinja, na katika udongo ulioganda chini ya viatu vyetu. Tena kuku aliyeambukizwa huweza kukaa siku tano au sita, na pengine zaidi, kabla hajaonyesha dalili yo yote. Ndipo tulipofahamu kosa letu. Yule mtetea mweupe alikuwa mzuri machoni petu, na kumbe alikwisha kuubeba mdondo.

Dawa ya kuponya mdondo hakuna. Wako watu wanaotia pilipili au mshubiri katika maji ya kuku. Hatuwalaumu, maana nasi tulifanya hivyo, lakini pilipili haiui kirusi hiki. Kuku wakishikwa, kazi iliyobaki ni kuwazuia wasitoke uani, kutouza wala kumpa mtu hata mmoja, kumwarifu afisa mifugo wa kata, na kuwazika waliokufa katika shimo refu au kuwachoma moto. Anayetupa mzoga njiani amewapelekea majirani maradhi yake.

Lakini kinga iko, tena ni rahisi. Zamani chanjo ya mdondo ilitaka kukaa katika ubaridi tangu ilikotengenezwa hata ilikotumiwa, nayo ilikuwa shida kubwa kwa vijiji visivyo na umeme. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, nchi ya Australia, Profesa Peter Spradbrow na wenzake walitafuta mbegu ya chanjo iwezayo kustahimili joto. Mbegu hiyo huitwa I-2, nayo ilitolewa kwa nchi zilizohitaji ili zijitengenezee chanjo zenyewe. Hapa kwetu hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Matumizi yake ni tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, kisha kurudia kila miezi mitatu. Kuku ashikwe mpaka apepese jicho, tone liingie. Ingawa chanjo hii yastahimili joto kuliko zile za zamani, haitaki jua. Ichukuliwe katika kitambaa kibichi, na mahali pa nyumbani iwekwe penye ubaridi na giza. Tena wachanjwe wazima tu. Kinga haianzi siku ile ile, yataka kama majuma mawili, wala haimwokoi aliyekwisha kuugua.

Hapo pana jambo moja ambalo vitabu hulitaja kwa kifupi, nasi twataka kulieleza kwa kirefu. Chupa ya chanjo hutosha kuku mia na zaidi, na ikiisha kufunguliwa haifai kuwekwa siku nyingi. Sisi tulikuwa na kuku sita. Mwaka wa kwanza tulinunua chupa peke yetu, tukachanja sita, tukamwaga iliyobaki. Gharama ilituuma, na kuku wa jirani waliendelea kuchakura pamoja na wetu bila kinga. Kisha mama wa nyumba akasema, "Dawa hii haikutengenezwa kwa nyumba moja." Tukazunguka kwa majirani. Nyumba tisa zilikubali, na tulipohesabu kuku wao wote na wetu, walikuwa 104. Kila nyumba ilitoa fedha kwa hesabu ya kuku wake, na mchango wa kila mmoja ulikuwa mdogo sana.

Tulichagua Jumamosi ya kwanza ya Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ijumaa jioni kila nyumba hufungia kuku wake ndani, kwa maana asubuhi wakiisha kutoka, nani atawakamata? Watoto hushika, mtu mmoja mwenye mkono mtulivu hutia tone, na mwanafunzi mmoja huandika katika daftari jina la nyumba na hesabu ya kuku. Kazi huanza saa kumi na mbili asubuhi, jua halijawa kali, na saa tatu huwa imekwisha. Siku ya Julai twaiangalia kuliko zote, maana baada yake huja miezi mikavu ambayo mara nyingi mdondo huzidi.

Mzee mmoja alikataa, akasema kuku wa kienyeji hawataki dawa ya mjini. Hatukushindana naye. Siku ya kwanza, chupa ilipobaki na dawa, tulikwenda kwake tukamwambia, "Mzee wetu, dawa hii itamwagwa jioni. Tusaidie isimwagwe bure." Akacheka, akatuma wajukuu wakamate kuku wake. Mara ya pili alileta fedha mwenyewe, tena mapema kuliko wengine.

Hatusemi ya kuwa chanjo hii ni ngao ya maradhi yote. Ndui ya kuku ina chanjo yake, ambayo huchomwa katika utando wa bawa. Kuhara damu kwa vifaranga huzuiwa hasa kwa kuweka sakafu kavu na vyombo safi. Haya yote afisa mifugo wa kata atawaeleza, na wanaotaka elimu zaidi wasisahau ya kuwa kule Tengeru kiko chuo cha mifugo.

Baada ya kinga, tuseme habari ya banda. Banda la kuku kumi si jumba. Kwa kuku wanaotoka mchana, mahali pa kulala penye hatua mbili kwa mbili patosha. Liinuliwe juu ya ardhi au liwe na sakafu ngumu. Ukuta wa upande wa upepo uzibwe, maana baridi ya Juni na Julai itokayo mlima Meru yajulikana. Lakini juu pawe na nafasi ya hewa, kwa kuwa banda lililozibwa kabisa hukusanya harufu kali inayoumiza macho na mapafu ya kuku. Ndani tia fito za kulalia, na maranda au majani makavu chini, yabadilishwe yakilowana. Viota viwe mahali penye giza kidogo, kimoja kwa mitetea wanne au watano. Katika pembe moja weka majivu makavu ili kuku waogee, wapate kupunguza utitiri na viroboto. Mlango ufungwe kila jioni kwa sababu ya kicheche, na ardhi inayozunguka isafishwe. Wakati wa mvua siafu wakipanda katika banda usiku, vifaranga hawana pa kukimbilia.

Kwa chakula, kuku wa kienyeji hujitafutia mengi, lakini kiwanja kidogo hakina wadudu wa kutosha kuku kumi. Kila asubuhi na jioni wapewe nyongeza: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa kidogo waliopondwa, majani ya mchicha, na maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa, yatakayowapa ugumu wa mayai mapya. Maji safi yawepo mchana kutwa. Kwa vifaranga tuna desturi ya kutega mchwa: chungu kikuukuu hujazwa mabua na kinyesi kikavu cha ng'ombe, kikanyunyiziwa maji na kufudikizwa penye njia ya mchwa, asubuhi hupatikana chakula bora bila fedha. Lakini twaonya juu ya jambo moja. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mtu asingeyala mwenyewe, wengi huwapa kuku. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, nayo huharibu maini ya kuku na ya mtu pia. Yatupwe mbali au yazikwe.

Mtetea wa kienyeji hutaga mayai kama 10 hata 15, kisha huatamia siku 21, halafu hulea. Kwa njia hiyo apata mizao mitatu hivi kwa mwaka. Wasomaji wetu walimu na wafanye hesabu hii pamoja na watoto. Mitetea wanane, kila mmoja mayai 12 mara tatu, jumla ni mayai 288. Tukiwapa kila mmoja kuatamia mara moja tu, mayai 96 yamekwenda kwa vifaranga, na 192 yamebaki kwa nyumba, yaani karibu manne kwa juma. Tukisema vifaranga 76 wataanguliwa, na nusu yao wauawe na mwewe, baridi na njaa, watabaki 38. Basi msiba mkubwa wa mfugaji hauko katika kutaga, uko katika vifaranga wanaopotea bila mtu kuwahesabu. Ndiyo maana sisi huwaweka vifaranga na mama yao chini ya tenga majuma manne ya kwanza, na chakula chao na maji humo humo. Mayai ya kuatamiwa yawe mapya, yasizidi juma moja, wala yasioshwe.

Tena usipende wingi kuliko nafasi yako. Siku hizi wako kuku walioboreshwa, kama Kuroiler na Sasso, wanaokua upesi na kutaga zaidi. Ni wazuri kwa mtu awezaye kuwalisha vyema, lakini hawatashiba kwa kuchakura tu. Sisi tumesimama katika mitetea wanane na jogoo mmoja. Vijana wakikua huuzwa au kuliwa.

Sasa bustani. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, nasi wenye matuta ya mboga twajua maana yake. Mche wa sukuma wiki uliopandwa asubuhi, saa nne umelala na mizizi juu. Kuna nyumba ambazo mume na mke wamegombana kwa sababu hiyo, mmoja akitetea kuku na mwingine mboga. Dawa yake ni ua wa fito au wavu kuzunguka matuta, na kuwafungulia kuku saa kumi jioni, wakiisha kutaga, wachakure penye migomba mpaka giza. Mboga zikiisha kuvunwa, ndipo waingizwe katika matuta kula wadudu na magugu. Samadi yao ina nguvu sana, huunguza mimea ikitiwa mbichi, tena yaweza kupeleka vijidudu vya tumbo katika majani tunayokula. Changanya na majani makavu na maganda ya ndizi, funika, geuza mara kwa mara, na baada ya miezi mitatu mboji itakuwa nyeusi, isiyo na harufu.

Neno jingine ni dogo lakini laleta uchungu. Katika nyumba nyingi mama hulisha, watoto hufungia, na baba huuza. Baba akitaka nauli, humkamata mtetea bila kuuliza, kumbe mtetea huyo alikuwa ameandikiwa madaftari ya mtoto. Nasi tulikuwa hivyo. Sasa daftari la kuku li mkononi mwa mama wa nyumba, na sisi tukimtaka kuku twaomba.

Mwisho twataka kuwaambia habari ya yule mjane wa Ngaramtoni. Mtoto wake alianza shule mwezi wa Machi badala ya Januari, kwa ajili ya sare. Mwaka uliofuata, tulipokuwa na kuku waliochanjwa mara tatu, tulimpelekea mitetea watatu na jogoo mmoja, tukamweleza waziwazi ya kuwa ule mdondo ulitoka kwetu. Alitutazama kitambo, akasema, "Asante, Mwalimu." Kisha akachukua kamba, akawafunga wote wanne mguuni, akawapeleka nyuma ya nyumba, mbali na kuku wake wengine. "Hawa watakaa peke yao majuma mawili," akasema. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Hatukuona haya wala hatukukasirika. Tuliporudi nyumbani tulimweleza mama wa nyumba yetu, naye akasema ni vizuri, na kwamba nasi tufanye hivyo kwa kila jogoo tunayebadilishana na watu.

Basi, wapenzi wasomaji, jioni ya leo hesabuni kuku wenu, kisha mkawaulize majirani wana wangapi. Mkifika mia, chupa moja yawatosha.